Kitunguu Saumu Hakifunikwi Blanketi

Mmeniomba niandike kitu kabla sijarudisha ufunguo wa kibanda cha vifaa. Nilidhani mnataka maelekezo ya ile mashine ya kukata majani ambayo haiwaki mpaka uitukane, kumbe mnataka kumbukumbu. Haya. Vyeo sikuvipata, kwa hiyo sitawachosha navyo, na mshahara wetu mnaujua. Nitaandika juu ya kitunguu saumu, kwa sababu katika kazi hii hakuna mmea ulionifundisha watu kuliko huo.

Kwa atakayeokota karatasi hizi bila kutujua, sisi ni watu wa bustani wa kutembelea nyumba. Daktari wa mtaa akiona mtu ametoka hospitali, au amefiwa, na sasa hatoki nje, anamwelekeza kwetu. Tunakwenda kwake kila wiki tukalima naye ua wa nyuma ya nyumba. Naye, nasema. Ukishika jembe peke yako huku yeye anakuangalia dirishani, umelima bustani lakini kazi hujaifanya. Mkisahau yote mengine, hilo msilisahau.

Nilianza mwaka ule ambao watu walikuwa wamemaliza kuogopa kwamba kompyuta zote duniani zitagoma. Kabla ya hapo nilikuwa nasafisha maofisi mjini, na bustani nilikuwa naiona kupitia vioo ninavyovipangusa. Siku ya kwanza nilitumwa Acocks Green, hapa hapa Birmingham, mtaa wa nyuma ya stesheni, kwa bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Pale nikamkuta Mama Pritam, aliyepewa kazi ya kunifundisha. Alikuwa mwanamke wa Kisikh, mzaliwa wa Nakuru, mfupi, amevaa sweta mbili na juu yake koti la marehemu baba yake. Aliposikia mimi ni mtu wa Tanga alikiweka Kiingereza kando papo hapo. Kiswahili chake kilikuwa cha bara Kenya, hakijali ngeli wala nini, lakini hakuna neno lake hata moja ambalo sikulielewa.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Majani yanapukutika, watu wanafunga madirisha, na mwanamke huyu ananipa ndoo ya punje za saumu, ananiambia nipande. Nilidhani ananijaribu. Kwetu Tanga saumu ilikuwa inashuka kutoka milimani imeshakauka, unainunua sokoni kwa fungu, na sikuwahi kujiuliza ilianza vipi. Nilimwambia kwamba zitakufa kwa baridi. Mama Pritam akacheka mpaka akashika kiuno.

"Wewe ndio unasikia baridi, hiyo haisikii," aliniambia. "Hii ikikosa baridi haigawanyiki. Itakaa mpira mmoja tu, hakuna punje ndani. Baridi ndio inaiambia, sasa gawanyika."

Basi nikapanda. Aliyonifundisha siku ile ndiyo ninayowaachia, na sijaona kitabu kilichoyazidi. Udongo wa Birmingham ni mfinyanzi, unashika maji kama sahani, kwa hiyo tia mchanga chini ya kila punje la sivyo itaoza. Kitako chini, ncha juu. Mkipanda juu chini itaota, lakini itapinda shingo na kuwalaumu mpaka Julai. Punje kubwa ndizo za kupanda, ndogo ndizo za kula. Watu wote hutaka kufanya kinyume, na si ajabu, kwani kufukia kilicho bora na kubaki na makombo si jambo ambalo moyo unalipenda. Asubuhi ya pili mtakuta ndege wamezing'oa nusu, wakidhani zile ncha ni minyoo. Zirudisheni bila kugombana na mtu.

Kuhusu vifaa sina mengi. Uma wenye meno manne, mwiko wa kupandia, toroli, na chupa ya chai. Uma wangu ulikuwa wa mpini mfupi, Mama Pritam aliuchagua makusudi ili niwe karibu na mgonjwa anapoinama. Glavu nilizipoteza nyingi mno kiasi kwamba ofisi iliacha kuniuliza. Nilikuwa na mzee mmoja wa Longbridge, maisha yake yote alifunga milango ya magari kiwandani, ambaye alipanda saumu kwa rula na uzi, na punje moja ikitoka nje ya mstari aliichimbua upya. Nilimwacha. Kila mtu analia kwa namna yake, na yule alikuwa analilia kiwanda.

Sasa niwaeleze kesi iliyokuwa ngumu kuliko zote, maana najua ndiyo mnayoisubiri.

Miaka michache baadaye, daktari mmoja wa Bordesley Green alituletea jina la Mzee Hamadi. Alikuwa Mzanzibari, dereva wa basi mstaafu, na mkewe, Bi Zuhura, alifariki mwezi wa Agosti. Waliishi katika nyumba zile za matofali zilizobanana, karibu na hospitali, na binti yao Salma, ambaye alikuwa muuguzi hapo hapo hospitalini. Salma ndiye aliyenifungulia mlango. Aliniambia kwamba tangu arubaini ipite baba yake hatoki, hali cha maana, na watu wa msikitini wakija anajifanya amelala. Kiswahili Salma alikielewa vizuri sana lakini alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote waliozaliwa huku.

Mzee Hamadi alinipokea kwa adabu zote. Alinikaribisha kiti, akaniuliza watu wa Tanga hawajambo, akaniambia bustani haimhusu. Ilikuwa ya mwenzake. Yeye miaka yote aliendesha basi zamu za usiku, mchana amelala, na alichokijua kuhusu ua wa nyuma ni kwamba kuna mlango wa kutokea. Kisha akanionyesha kitu kimoja, na nilimwona anakionyesha kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa mkubwa wa nyumba. Jikoni, juu ya jiko, kulikuwa na msuko wa vitunguu saumu.

Vitunguu thomu, kama wanavyosema Unguja. Bi Zuhura alikuwa amevivuna Julai, akavisuka kwa mabua yake, akavitundika. Mbegu ile alipewa na jirani Mwairishi aliyekwisha kufa, na tangu hapo kila mwaka alipanda zilizo bora za mwaka uliopita, mpaka zikawa zake: ngozi ya zambarau, harufu kali, hazipatikani dukani. Salma alitaka kuzitumia kabla hazijaharibika. Mzee alimkataza asiziguse, wala kuzila, wala kuzihamisha.

Nikaona tatizo kabla sijamaliza chai. Saumu si picha ya kutundika ukutani. Ikifika Machi bila kupandwa, ndani ya lile ganda zuri hubaki vumbi. Kama asingezifukia kabla baridi haijakolea, ule mzao wote wa mkewe ungeishia pale juu ya jiko, na hakuna duka duniani la kwenda kuununua tena. Nilimweleza hivyo kwa upole. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Bi Mwajuma," alisema, "mimi mwaka huu nimeshazika. Usiniambie nizike tena."

Nilikunywa chai iliyobaki, nikaaga, na kwenye basi nikalia kidogo, jambo ambalo katika kazi yetu linaruhusiwa ilimradi umeshaondoka kwa mteja.

Nilikwenda wiki baada ya wiki. Tulikaa jikoni chini ya zile saumu, akanihadithia kuhusu mkewe. Marehemu alikuwa hana kasoro. Hakuwahi kupandisha sauti, hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kumsema mtu. Kila alichokishika kiliota na kila alichokipika kilinukia mpaka kwa majirani. Nilimwambia Mama Pritam kwamba huyu hataki mtu wa bustani, anataka mtu wa kusikiliza. Mama Pritam akaniambia nisimbembeleze. Mtu mzima anastahili ukweli, na msuko ule nao ulikuwa unahesabu siku zake. Basi wiki iliyofuata niliomba ruhusa, nikaminya kichwa kimoja mbele yake, kikabonyea. Mzee akakishika yeye mwenyewe, akakibonyeza. Mimi nikaenda zangu.

Mwisho wa Novemba nikamkuta ameuteremsha msuko. Alikuwa amebambua vichwa vyote, akapanga punje kwenye sinia kwa ukubwa. Kubwa kaziweka upande wa kubaki, ndogo upande wa kupandwa. Nikamwambia ni kinyume. Aliliangalia lile sinia muda mrefu, halafu akaligeuza.

Tulitoka nje, yeye amevaa viatu vya msikitini kwa sababu vya bustani hakuwa navyo. Nilimchimbia mistari, nikatia mchanga, nikampa mwiko. Hakuupokea. Kila punje aliiweka kwa mkono, akasema bismillahi, akaifukia kwa udongo wa kiganjani, kama wanaume wanavyofukia makaburini. Mimi mwanamke sijapata kusimama kaburini udongo ukitiwa, lakini nilijua ninachokiona, nikaurudisha mwiko kwenye mfuko. Vuli ya mwaka ule ilikuwa ya mvua na joto. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikadhani kesi imekwisha.

Wiki iliyofuata ilianguka jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri inayofanya majani yavunjike ukiyakanyaga. Nilipofika Bordesley Green nilikwenda moja kwa moja ua wa nyuma. Tuta lilikuwa tupu. Si kazi ya ndege ile. Ndege hawachimbui safu nzima na kusawazisha udongo. Nikagonga mlango roho ikiwa juu, nikifikiri mzee amezitupa.

Alinifungulia akitabasamu, mara ya kwanza kumwona meno. Akaniongoza sebuleni. Pale, karibu na hita, zilipangwa sufuria, ndoo, mabeseni na birika moja bovu, vyote vimejaa udongo, na juu yake blanketi la kitanda cha watu wawili. Alilifunua kidogo, kwa uangalifu, anionyeshe. Punje zilikuwa zimeanza kuchipua.

"Nje kunaganda, Bi Mwajuma. Mimi nilale kwenye joto, hizi ziwe kule?" aliniuliza. "Nimeona haya."

Mtu wa huku asingefanya kosa lile hata akiwa amelewa. Ni kosa la watu wetu, tuliolelewa kwamba baridi ni ugonjwa, tunaowafunika watoto kofia za sufu Julai na kuzima feni kwa ajili ya mgeni anayekohoa. Nami nilimwelewa kabisa, na hilo ndilo lililonitia uzito. Nikatoka kwenye korido kumpigia simu Mama Pritam. Akaniambia zirudishwe nje leo hii; chumbani hazitagawanyika, na zisipogawanyika hakuna saumu, kuna gololi.

Nilipokata simu Salma alikuwa nyuma yangu, ametoka zamu, bado na sare. Alikuwa amesikia. Aliniambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba baba yake anaamka alfajiri kuzigeuza zipate mwanga. Anakula mkate karibu nazo. Anazisemesha. "Please," akasema, "just leave him."

Nilirudi sebuleni, nikamweleza mzee ukweli mara moja, wazi, kwamba zikikaa ndani hazitapasuka punje. Akasema amesikia. Akarudishia blanketi. Sikumwambia tena. Ofisini niliulizwa kwa nini sikusisitiza, na jibu langu mpaka leo ni lile lile: mwaka ule mgonjwa wangu hakuwa kitunguu.

Zilikaa ndani mpaka majira ya kuchipua, akazitoa, akazipanda upya. Yeye mwenyewe alinunua viatu vya bustani. Mwezi wa Mei majani yalikuwa marefu na ya kijani, na Mzee Hamadi aliwaonyesha majirani kwa juu ya uzio. Nilipoyaona yale majani na mimi nilijidanganya kidogo. Julai majani ya chini yalipogeuka manjano tukaingiza uma, tukainua.

Zilitoka gololi. Duara, nyeupe, kila moja kama jicho la samaki aliyepikwa, hazina mstari wala mgawanyiko. Mzee alimenya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, mikono imejaa udongo.

"Zimekwisha," alisema. "Alizitunza miaka yote ile, mimi nimezimaliza kwa mwaka mmoja."

Salma alitoka, akamshika bega, akamwambia, "Dad, it's just garlic." Alikusudia mema, lakini nilimwona mzee anafumba macho. Sikuwa nimewahi kuona saumu ya namna ile. Nikampigia Mama Pritam.

Alikuja kwa mabasi mawili, na goti lake lile bovu, na wakati ule alikuwa ameshastaafu. Hakusalimu kwanza. Aliokota duara moja, akaipangusa kwenye koti, akaing'ata, akatafuna, akatema ganda.

"Nani amesema imekufa?" aliuliza. "Hii ni mbegu. Panda hii Oktoba, iache nje, mwaka ujao inakupa kichwa mzima."

Mzee hakuinua uso. Alisema hatathubutu tena, na hasa kuziacha nje. Mama Pritam akajishusha kwenye ngazi kando yake, akilalamikia goti, akamuuliza Salma, "Mama yako alikuwa anafunika hizi?"

Salma alifikiri. Akasema hapana, hakuwahi. Theluji inaanguka, mama anaziangalia kwa dirisha huku anakunywa chai.

"Umesikia, bwana," Mama Pritam alimwambia mzee. "Bibi yako alikuwa anaacha nje. Na alikuwa anapenda hizi kuliko wewe."

Nilidhani atakasirika. Aliangalia lile tuta lililochimbuliwa, akazikusanya gololi zote kwenye kofia yake, hata zile tatu alizokwisha kuzimenya.

Oktoba tulipanda mapema. Sikumwambia la kufanya; alitia mchanga mwenyewe, akafukia kwa mkono vile vile. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Kila nilipokwenda nilikuta pazia la jikoni limefungwa mchana kweupe, na mzee amekaa mezani ameupa mgongo ua. Aliniambia hawezi kutazama. Tulicheza karata kwa taa. Mara mbili aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akashika kitasa, akarudi. Asubuhi moja ya theluji nilikuta pazia limefunguliwa robo, na kikombe chake kiko dirishani. Tukaendelea na karata.

Mama Pritam hakuiona Julai. Alifariki kabla, usingizini, na mimi nikapata kujua kwamba mtu anaweza kuwafundisha wengine kazi ya wafiwa na bado akawaacha hawajui la kufanya. Niliomba likizo. Mzee Hamadi ndiye aliyenipigia simu, akaniambia majani ya chini yameanza kugeuka, hatavuna mpaka nije, na kwamba kukaa nyumbani peke yangu hakufai. Maneno yale niliwahi kumwambia yeye.

Nikaenda. Aliingiza uma, akainua, akapangusa udongo. Kichwa kilikuwa kikubwa, zambarau, kimejaa, na mistari ya punje unaihesabu kwa kidole juu ya ganda. Akakipasua pale pale. Vikatoka vipande vizima, vinang'aa. Alinipa kimoja nishike, akaendelea kuvuna, safu moja kisha nyingine, mpaka mwisho wa tuta.

Baada ya kukauka alichagua vikubwa vya kupanda, akaviweka kando. Vilivyobaki hakuvitundika. Aliniambia nije Jumapili mchana, ananipikia. Nilikuta samaki wa mchuzi wa nazi na wali, amepika mwenyewe, jiko zima limechafuka, na saumu ameitwanga nyingi kupita kiasi. Tulikaa watatu, yeye, Salma na mimi. Ndiyo mara ya kwanza ile saumu kuliwa katika nyumba ile tangu mwenyewe aondoke, na hakuna aliyetaka kuanza. Mzee akaanza. Alitafuna tonge la kwanza polepole, akameza, akaweka mkono mezani.

"Zuhura alikuwa hajui kupika," alisema.

Salma aliacha kijiko hewani. Baba yake akamtazama, akanitazama na mimi, kama mtu aliyeshtushwa na sauti yake.

"Haki ya Mungu hajui. Samaki anaunguza, wali bokoboko, chumvi hana kipimo. Miaka yote ile nilikula, nikasema alhamdulillahi, na nilikuwa nasema kweli."

Salma ndiye aliyeanza kucheka, mpaka akalala juu ya meza, na mimi nikashindwa kujizuia. Mzee Hamadi alicheka pamoja nasi, kisha akawa analia, pale pale mbele yetu, bila kujifunika uso. Na huku analia akavuta sufuria, akajipakulia tena.